Unga chini ya kitanda, fremu inayobonyea: kutambua na kutibu mbao zilizobunguliwa au kuoza

"Fundi, kitanda kinamwaga unga kila asubuhi, nipake nini?" "Fremu ya mlango wa bafu inabonyea kwa kidole, huyo ni mchwa?" "Nimepaka oili chafu mara mbili na bado wanatoboa." Maswali haya huja kila msimu wa mvua, kutoka Kisumu, Kakamega na Vihiga, hata Nakuru ambako hewa ni kavu zaidi. Karibu kila mtu huanza kwa kuuliza dawa. Mimi huanza kwa kuuliza ni nini kinachokula hiyo mbao, maana dumuzi, mchwa na uozo kila kimoja kina tiba yake. Ukipaka dawa ya wadudu kwenye mbao inayooza kwa sababu ya maji, umetupa pesa, na fremu itaendelea kuoza chini ya rangi mpya.

Mwongozo huu ni wa vitu vya nyumbani: vitanda, viti, kabati, fremu za milango na madirisha, ubao unaoshikilia mfereji wa paa, na boriti unazoweza kuzifikia. Paa lililokwisha kushuka katikati si kazi ya kujifunzia. Hapo tafuta fundi.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa uchunguzi: tochi, bisibisi bapa nyembamba, brashi ya kufagilia vumbi, chaki au penseli, na karatasi yenye rangi nzito. Karatasi nyeupe haikusaidii, unga mweupe hupotea juu yake.

Kwa tiba: glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, barakoa, msasa, brashi ya rangi, sirinji kubwa yenye sindano nene, karatasi ya nailoni, ndoo ya plastiki ambayo hutaipikia wala kuogea tena, na dawa yenyewe. Kwa uozo ongeza msumeno, patasi, skrubu, gundi isiyoyeyuka kwa maji na kipande cha mbao kavu. Wakati mzuri wa kazi hii ni Desemba hadi Februari, kabla ya mvua ndefu. Ukianza Aprili, mbao haikauki na wewe hutulii.

Kwanza ujue ni nani

1. Angalia unga. Kusanya kidogo uusugue kati ya vidole viwili. Ukiwa laini kabisa, huhisi hata chembe, na matundu ni ya duara yenye upana wa milimita moja au mbili, hao ni dumuzi wa unga, mbawakawa wadogo wanaopenda mbao za miti ya majani mapana. Matundu ya milimita tatu hadi sita ni ya binamu zao wakubwa, ambao pia humaliza mianzi. Lakini ukiona punje ngumu zenye pembe, ndogo kama mbegu za mchicha, zimejikusanya kifungu kimoja, huyo ni mchwa wa mbao kavu. Yeye huishi ndani ya ubao wenyewe, hahitaji udongo. Na ukiona njia za udongo zinapanda ukutani hadi kwenye fremu, huyo ni mchwa wa ardhini, yule ambaye watoto hufurahia kumbikumbi wake mvua zinapoanza. Usihangaike kupaka fremu tu. Kikosi chenyewe kiko ardhini, na tiba yake huanzia kwenye udongo. Bomoa hizo njia, ondoa kuni na mabaki ya mbao yaliyolala ukutani, kisha mwite mtu mwenye leseni ya kupulizia msingi.

2. Angalia tundu lenyewe kwa tochi. Tundu jipya lina kingo kali na ndani ni peupe au rangi ya mbao iliyokatwa leo. La zamani limefubaa na limeshika vumbi, wakati mwingine rangi au vanishi imeingia ndani. Vanishi ikiwa ndani ya tundu, maana yake mdudu alitoka kabla fundi hajapaka. Kuna pia matundu yenye kuta nyeusi na yasiyo na unga hata kidogo: hayo yalitobolewa mti ukiwa bado mbichi, na wadudu wake walikufa mbao ilipokauka. Watu hununua dawa kwa ajili ya matundu kama hayo. Wacha.

3. Fanya jaribio la chaki. Fagia unga wote, zungushia kila tundu duara la chaki, tandika karatasi yenye rangi nzito chini, kisha usiguse kwa wiki tatu. Unga mpya chini ya tundu, au tundu jipya nje ya duara, ni ushahidi kwamba wadudu wako hai. Unga kidogo baada ya watoto kuruka kitandani si ushahidi, ni vumbi la zamani linalotikisika. Hatua hii ndiyo watu wengi hawataki kusikia, kwa kuwa wanataka kupaka leo leo. Vumilia. Wiki tatu hazimalizi kitanda, na mara kadhaa utagundua kwamba vita viliisha zamani.

4. Dunga kwa bisibisi. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyooza hupokea ncha bila kelele, na ukiipinda inakatika kipande kifupi badala ya kutoa nyuzi ndefu. Uozo wa aina moja huacha mbao ya kahawia iliyopasuka miraba miraba. Mwingine huiacha nyeupe na yenye nyuzinyuzi laini. Zote mbili ni kazi ya kuvu, na kuvu huhitaji maji. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 au hivi, kuvu haiendelei. Dunga hasa sehemu zinazofichwa: miguu ya fremu ya mlango, kona za chini za dirisha, nyuma ya ubao wa mfereji, chini ya sinki, na mguu wa kitanda ulio karibu na mlango ambako maji ya kudeki hufika kila siku.

Jambo moja kabla hatujashika brashi. Tundu unaloliona ni la kutokea. Mdudu mzima ametoka, ameruka, pengine ametaga kwingine. Anayekula ni buu aliyebaki ndani, na anaweza kukaa humo miezi mingi kabla hajatoboa tundu lake. Ndiyo maana kuziba matundu kwa nta au kwa sabuni, kama nilivyoona mara nyingi, hakuzuii kitu.

Kutibu mbao iliyobunguliwa

5. Tenga kitu hicho. Kitoe nje au kwenye chumba kisicholaliwa. Kama ni kipande cha mbao ngumu chenye sehemu nyeupe ya nje, kague vitu vyote vilivyo jirani. Dumuzi wa unga hula hiyo sehemu nyeupe kwa sababu ya wanga uliomo, kiini cheusi hawakigusi sana. Mafundi wetu wanajua wateja hawachungulii nyuma ya kochi, kwa hiyo vipande vyeupe vya bei rahisi huishia kwenye fremu ya ndani, na huko ndiko unga huanzia. Pindua kochi, ondoa kitambaa cha chini, uone mwenyewe.

6. Fungua vinyweleo vya mbao. Dawa ya maji haipiti kwenye vanishi wala rangi. Piga msasa hadi mbao iwe uchi pande zote zilizoathirika, kisha fagia vumbi. Barakoa ivaliwe hapa.

7. Tayarisha dawa. Mimi hupendelea boraksi, chumvi nyeupe ya madini, kwa vitu vya ndani, kwa kuwa haina harufu, haichafui mbao na huingia ndani yenyewe ikikuta unyevu. Kwa lita 5 za maji ya moto, gramu 300 za boraksi na gramu 200 za asidi ya boriki. Koroga hadi maji yawe maangavu, utumie siku hiyo hiyo yakiwa vuguvugu. Yakipoa sana chembe hurudi chini ya ndoo, uyapashe tena. Waulize wauzaji wa kemikali mjini, na upime kwa mizani, si kwa kukadiria kwa mkono. Dawa hii ni sumu ikimezwa: weka mbali na watoto na usiitumie kwenye ubao wa kukatia mboga au mwiko.

Ukipenda dawa iliyotengenezwa tayari ya dukani, soma lebo na uhakikishe ina nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili viuatilifu. Nyingi zina kiini cha kuua wadudu kilichoyeyushwa kwenye mafuta, hivyo hushika moto haraka: zima jiko, taa ya mafuta na sigara. Zenye pamethrini huua samaki na ni hatari kwa paka. Brashi isioshwe kwenye mtaro unaoteremka kwa kidimbwi cha samaki cha jirani.

8. Paka, kisha paka tena kabla ya ile ya kwanza kukauka, na ya tatu juu yake. Lita moja hutosha mita tatu au nne za mraba. Usiwe bahili kwenye ncha za mbao na kwenye maungio, huko ndiko mbao hunywa zaidi. Halafu shika sirinji. Ingiza dawa kwenye tundu moja kila baada ya sentimita chache, polepole, ukiwa umevaa miwani. Mashimo ya ndani yameungana, kwa hiyo unasukuma hapa na dawa inaruka kutoka tundu lililo sentimita kumi kando, moja kwa moja usoni. Kila mwanafunzi wa kazi hii hushtuka mara ya kwanza.

9. Ukitumia boraksi, funika kwa nailoni siku tatu hadi wiki moja ili mbao ibaki na unyevu na dawa izame. Kisha funua, acha ikauke kivulini wiki mbili. Jua kali la mchana wa Kisumu litapasua mbao iliyoloa. Kwa dawa ya mafuta, hakuna kufunika. Acha hewa ipite hadi harufu iishe, na mtu asilale juu ya kitanda hicho kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo.

10. Piga msasa mwepesi, kisha vanishi kila upande, hata chini na nyuma. Mbawakawa wa unga hutaga kwenye vinyweleo vya mbao iliyo wazi, kwa hiyo mbao iliyopakwa kote haina mlango. Ziba matundu kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, weka tarehe kwa penseli mahali pasipoonekana, na rudia jaribio la chaki baada ya miezi mitatu na tena baada ya mwaka.

Vitu vidogo, kama kinyago au kigoda, vinaweza kutibiwa bila kemikali. Vifunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki na kuviweka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Friza ndogo ya juu ya friji ya kawaida haifiki hapo.

Kutibu uozo

Hapa maji ndiyo adui. Kakamega hupata mvua karibu mara mbili ya Nakuru, na fremu ileile inayodumu miaka mingi Nakuru huoza haraka upande wa magharibi kama hakuna aliyeangalia maji yanakotiririka.

11. Tafuta maji yanatoka wapi na uyakomeshe. Mfereji wa paa uliojaa majani, msumari wa bati ambao mpira wake umekwisha, bomba linalovuja chini ya sinki, bafu lisilo na kizingiti, ua lililoinuka hadi matone ya mvua yanaruka kwenye fremu. Simama nje mvua ikinyesha uangalie. Dakika kumi hizo zitakuonyesha mengi kuliko kudunga kutwa nzima. Usiendelee na hatua ya 12 kabla hii haijakamilika. Narudia kwa sababu ndiyo inayorukwa kila siku.

12. Ikaushe. Ondoa rangi inayobambuka, fungua dirisha, subiri. Huna kipima unyevu? Kata kipande kidogo kutoka sehemu hiyo, kipime kwenye mizani ya jikoni kila siku mbili. Kikiacha kupungua uzito, kimefikia ukavu wa hewa ya hapo.

13. Kata kilichooza. Kwa mguu wa fremu, ambao ndio mfano wa kila siku, dunga ukipanda juu hadi bisibisi ikatae, weka alama, kisha panda sentimita 20 au 30 zaidi ndani ya mbao nzima. Kuvu hutangulia kabla ya jicho kuiona. Kata kwa mshazari unaoteremka kuelekea nje, ili maji yakigonga kiungo yatiririke badala ya kuingia ndani. Vipande vilivyooza vitoke nje ya nyumba siku hiyo.

14. Paka dawa ya boraksi kwenye mbao iliyobaki, mara tatu, hasa mahali ulipokata. Kipande kipya kisimamishe kwenye ndoo ya dawa usiku kucha, upande utakaoelekea sakafuni. Boraksi huoshwa na maji, kwa hiyo fremu ya nje lazima ipakwe rangi baadaye. Mbao inayogusa ardhi haifai kwa boraksi kabisa. Hiyo inahitaji mbao iliyotibiwa kiwandani kwa shinikizo.

15. Chagua mbao kwa macho. Baada ya marufuku ya ukataji katika misitu ya umma ya Februari 2018, wauzaji wengi waligeukia miti ya mashambani, mingine michanga, na mti mchanga ni mweupe karibu wote. Tafuta kipande chenye kiini, kikavu, kisicho na madoa ya buluu. Ukikiinua na mkono ukahisi uzito wa maji, kirudishe.

16. Unganisha. Gundi isiyoyeyuka kwa maji kwenye mshazari, skrubu mbili kutoka ubavuni, na nafasi ya sentimita moja kati ya mguu na sakafu. Kama lazima uguse saruji, weka chini yake kipande cha ile karatasi nyeusi ya DPC ambayo mafundi hulaza juu ya msingi. Usimwage saruji kuzunguka mguu kuufanya "imara". Umeutengenezea kikombe cha maji.

17. Rangi ya kwanza, ya pili, na ncha ya chini isisahaulike. Wengi hupaka kinachoonekana na kuacha sehemu inayokunywa.

Boriti au kombamoyo ni habari nyingine. Kama bisibisi imezama sana pande zote, usikate chochote kabla ya kuegemeza paa kwa miti imara kutoka sakafuni. Bati na mbao zinazoanguka haziangalii ni nani alikuwa anatengeneza.

Usifanye haya

Vidonge vya kufukizia mahindi visiingie ndani ya nyumba kutibu kitanda au dari. Hutoa gesi ya fosfini, inayopenya chini ya mlango na kuua watu usingizini. Vimeundwa kwa ghala lililofungwa na mtu aliyefunzwa.

Dawa ya kupe ya ng'ombe kutoka agroveti si ya kabati la nguo wala kitanda cha mtoto, hata kama jirani anasema imemfaa.

Oili chafu ya gari huchafua, hunuka, hushika moto na haizami ndani. Kwenye nguzo ya ua la ng'ombe sitakugombeza. Ndani ya nyumba, hapana.

Moshi je? Kweli, mapaa ya jikoni za zamani yalidumu: joto la moto lilikausha mbao na masizi yaliwachukiza wadudu. Lakini huwezi kufukiza kochi la sebuleni siku mbili ukategemea matokeo ya miaka thelathini ya moto wa kila jioni.

Ikikwama

*Nimetibu na unga bado unadondoka.* Subiri kwanza. Mabuu waliokuwa karibu kutoka wanaweza kutoka baada ya tiba. Unga ukiendelea zaidi ya msimu mmoja, dawa haikufika: kuna upande hukuupiga msasa, au ni mchwa wa mbao kavu uliyemdhania dumuzi. Rudi hatua ya 1, usugue tena kwa vidole.

*Fundi ameniletea kitanda kipya na baada ya miezi michache kinamwaga unga.* Mayai yalikuja na mbao kutoka kwa muuzaji. Mwite fundi akione kabla hujapaka chochote, mkubaliane abadilishe vipande vyeupe. Ukishapaka, atasema umekiharibu wewe.

*Kuna tundu kubwa, linaingia kidole, na mbao iliyosagwa vipande vipande chini yake.* Huyo ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za baraza. Hali mbao, anachimba nyumba. Ziba tundu mchana akiwa ametoka, kwa kijiti na gundi, kisha paka rangi. Mbao iliyopakwa haimvutii.

*Nina ghala la mahindi kando ya nyumba, linahusika?* Linaweza. Dumuzi mkubwa wa mahindi ni wa ukoo wa wabunguaji wa mbao, na huweza kujificha kwenye nguzo za ghala kati ya mavuno mawili. Safisha ghala hadi kwenye nyufa za mbao kabla ya kuweka mahindi mapya, na usirundike magunia yenye wadudu sebuleni kando ya kabati.

*Nimemaliza gramu zote za boraksi lakini maji yana ukungu.* Maji hayakuwa ya moto vya kutosha. Pasha, koroga. Usichuje, utatupa dawa.

*Vipande nilivyokata nivichome?* Mbao ya kawaida iliyooza au kubunguliwa, ndiyo, nje, kama haijapakwa dawa ya dukani wala rangi. Vipande vya nguzo za stima au mbao zenye rangi ya kijani zilizotibiwa kiwandani, kamwe, wala jikoni wala kwenye moto wa takataka. Zina arseniki, ambayo hubaki kwenye moshi na kwenye majivu, na majivu hayo yasimwagwe kwenye sukuma wiki.